Faili la tukio: namna ya kuwafikishia wafuatiliaji wa kimataifa ukiukaji wa uhuru wa habari na wa mahakama nchini Uganda

Mwandishi wa redio akikamatwa Koboko au Kasese, wanaozipa nchi alama huko Paris, Geneva na Washington hawajui lolote mpaka mtu aliye karibu na tukio aandike. Na kuandika tu hakutoshi. Matukio ya kweli kabisa huachwa nje ya hesabu kwa sababu saa ya kukamatwa haikuandikwa, ridhaa haikuombwa, au karatasi zilifika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha, miezi mitatu baada ya tukio wakati mlango hufungwa baada ya miezi miwili.

Fungua faili moja kwa mambo yote mawili, uhuru wa habari na uhuru wa mahakama. Wengi huyatenga: huyu ni ofisa wa waandishi, yule ni ofisa wa korti. Lakini kesi ya mwandishi huanzia barabarani, ikapita kituo cha polisi, ikaishia mbele ya hakimu. Hakimu akitoa dhamana, kisha mtu akanyakuliwa tena mlangoni, hapo umevunjwa uhuru wa aina mbili kwa mtu mmoja, na ukiyatenga mafaili hakuna atakayeuona uzi wenyewe.

Tarehe 16 Novemba 2005 Mahakama Kuu mjini Kampala iliwapa dhamana washtakiwa 14 kati ya 16 wa kesi ya uhaini. Watu wa usalama wenye silaha wakaizingira mahakama, dhamana ikakwama, washtakiwa wakarudishwa gerezani. Tarehe 1 Machi 2007 mahakama ilivamiwa tena katika kesi hiyohiyo. James Katabazi na wenzake 21 walikwenda Arusha, na tarehe 1 Novemba 2007 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ikaamua kwamba kuzuia kwa silaha utekelezaji wa amri halali ya mahakama ni kuvunja kanuni ya utawala wa sheria iliyomo katika Mkataba wa Jumuiya. Isome hukumu ile kabla hujaandika ripoti yako ya kwanza. Uone inavyokwenda: tarehe, amri iliyotolewa, nani aliizuia, kilichofuata. Faili lako liende vivyo hivyo.

Saa za kwanza

Andika saa ya kukamatwa, si saa ya kuandikishwa kituoni. Ibara ya 23 ya Katiba ya 1995 inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48 tangu alipokamatwa, na haikutoa Jumamosi wala Jumapili. Kituo kikimwandika jioni mtu aliyekamatwa asubuhi, saa zile za katikati hupotea, na mara nyingi ndizo saa alizokaa ndani ya gari au mahali pasipojulikana. Ibara hiyohiyo inataka awekwe mahali palipoidhinishwa na sheria, na aruhusiwe kuonana na ndugu, wakili na daktari. Kila kimoja kati ya hivyo kiwe na mstari wake kwenye fomu: ndiyo, hapana, saa ngapi.

Halafu kuna mtego wa saa zetu. Shahidi akikwambia kwa Kiswahili "saa mbili asubuhi", au kwa Kiganda "ssaawa bbiri", mfasiri asiye makini anaandika 02:00. Hesabu ya saa 48 inaharibika, na wakili wa serikali ataliona kosa hilo kabla yako. Andika zote mbili papo hapo: saa 2 asubuhi, 08:00.

Kituoni omba namba mbili. Ya kwanza ni SD, namba ya daftari la matukio la kituo, inayoandikwa pamoja na tarehe. Ya pili ni CRB, namba ya jalada la jinai. Siku mbili zikipita na CRB haipo, liandike hilo kama tukio, maana mtu anashikiliwa bila jalada. Ukinyimwa namba, andika aliyekunyima, cheo chake, namba iliyo kwenye sare na saa.

Aliyepigwa apelekwe kwa daktari kwanza. Fomu ya polisi ya majeraha, PF3, itafuata. Vilio vya damu chini ya ngozi huweza kujitokeza siku ya pili au ya tatu, kwa hiyo piga picha siku ile ile, kesho yake na siku ya nne, ukiweka rula au sarafu kando ya jeraha ili ukubwa usomeke. Picha moja iwe ya karibu, nyingine ionyeshe mwili mzima na uso, la sivyo hakuna atakayejua mkono ule ni wa nani.

Maneno ya askari yaandikwe katika lugha yaliyotamkwa. Jeshi letu hutumia Kiswahili, na wengi wenu mtaisikia amri jinsi ilivyo: "Zima hiyo kamera", "Leta simu", "Kaa chini." Ripoti ikishafasiriwa na kulainishwa, "Toka hapa kabla sijakuvunja" inageuka kuwa "aliombwa kuondoka". Weka Kiswahili ndani ya alama za kunukuu, tafsiri ya Kiingereza ifuate, na mfasiri atie saini kwamba yeye ndiye aliyefasiri. Ushahidi wa Kilugbara, Kinubi au Rutooro utendewe hivyohivyo: mtu asaini maneno yake mwenyewe, si tafsiri asiyoweza kuisoma.

Huu hapa mfano wa kubuni wa maelezo yanayotosha:

"Tukio 07. Jumanne, saa 4:10 asubuhi (10:10). Nje ya soko, upande wa lango la matunda. Mtangazaji wa redio, mwanamke, alikuwa anarekodi mgomo wa wachuuzi, kitambulisho cha kazi shingoni. Askari wawili wenye sare, mmoja ana bunduki ndefu. Mwanamume mmoja wa nguo za kiraia, shati la kijani. Huyu wa tatu alisema kwa Kiswahili: 'Leta simu hapa.' Simu ilichukuliwa, risiti haikutolewa. Alipakiwa kwenye pikapu nyeupe. Namba ilianza na UB, zilizobaki hazikusomeka. Kituo kilimwandika saa 9:40 alasiri (15:40). Niliyoyaona mwenyewe: hadi kupakiwa. Niliyoambiwa na shahidi W2: alipigwa kofi ndani ya gari."

Angalia mstari wa mwisho. Kilichoonwa kimetengwa na kilichosimuliwa. Hakuna neno "kinyama", hakuna "kama kawaida yao". Wataalamu wa Umoja wa Mataifa huko Geneva hukataa malalamiko yenye lugha ya matusi au yenye nia ya kisiasa, na pia yale yaliyojengwa kwa taarifa za vyombo vya habari peke yake. Waandishi huumizwa sana na sharti hili la pili: unakusanya vipande kumi vya magazeti kuhusu kukamatwa kwa mwenzako, ukidhani una ushahidi, kumbe huna hata shahidi mmoja.

Ridhaa, majina na picha

Ridhaa ina ngazi tatu, na kila moja iombwe peke yake, kwa maandishi: jina litangazwe hadharani, jina liende kwa serikali ndani ya barua tu, tukio lihesabiwe bila jina. Ngazi ya pili ndiyo inayosahaulika. Mtaalamu wa Umoja wa Mataifa akiiandikia serikali, huficha jina la aliyepeleka taarifa, lakini jina la aliyedhulumiwa huandikwa ndani ya barua isipokuwa mmeomba lisiandikwe. Baadaye barua hizo hutangazwa. Mweleze mhusika hayo yote kabla hajasaini, na ikiwa yuko rumande, muulize ndugu aliyemchagua yeye, si ndugu wa kwanza uliyemkuta getini.

Mpe kila mtu alama kama W1 au J07, na orodha inayounganisha alama na majina ikae mahali tofauti kabisa na faili. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakugusa na wewe unayekusanya. Simu ifungwe kwa tarakimu, si kwa kidole, kwa sababu kidole kinaweza kushikwa na kubandikwa kwa nguvu.

Picha na video zisitumwe WhatsApp kama picha. Hubanwa, na taarifa za saa na mahali zilizomo ndani hufutika. Zitume kama hati, au zihamishe kwa waya. Tunza faili la asili bila kulikata wala kulibadili jina, kokotoa alama yake ya SHA-256 (msururu wa herufi na tarakimu unaobadilika faili likiguswa), andika alama hiyo kwenye fomu, kisha fanya kazi na nakala.

Kipi kihesabiwe

Swali la kwanza: je, kilichotokea kimetokana na kazi ya habari? Mwandishi aliyeibiwa usiku akitoka harusini ameonewa, ila tukio halimo humu mpaka dalili ipatikane, mathalani kwamba kilichochukuliwa ni daftari na kompyuta na pesa zikaachwa. Mshahara ambao haukulipwa ni mgogoro wa kazi. Ukivichanganya, mpinzani atashika hicho kimoja na kukitupilia mbali kitabu kizima.

La pili ni kipimo. Tukio moja lililowakumba waandishi watano ni tukio moja na watu watano. Andika tarakimu zote mbili. Tarehe 17 Februari 2021 waandishi walipigwa na polisi wa jeshi nje ya ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa jijini Kampala. Mwenye kuhesabu watu na mwenye kuhesabu matukio watatoka na tarakimu tofauti kabisa juu ya asubuhi ile moja. Kabla ya kutuma, linganisha orodha yako na ya HRNJ-Uganda, mtandao wa haki za waandishi wenye ripoti yake ya kila mwaka, ili tukio lisiingie mara mbili kwa tahajia mbili za jina.

Maagizo ya simu nayo yahesabiwe. Mwaka 2019 Tume ya Mawasiliano, UCC, iliviagiza vituo 13 vya redio na televisheni kusimamisha watumishi wao. Agizo la namna hiyo lina karatasi. La mkuu wa wilaya wa serikali kuu, yule tunayemwita RDC, kumtaka meneja wa redio amtoe mgeni hewani, mara nyingi halina. Meneja aandike siku hiyohiyo: nani alipiga, namba, dakika ngapi, maneno gani, na kipindi kilikatwa saa ngapi. Rekodi ya matangazo itaonyesha kipindi kilivyokatika. Ihifadhiwe kabla haijafutwa.

Ndani ya korti

Hapa ndipo ripoti nyingi hudhoofika, kwa sababu mwandishi wake amekasirishwa na uamuzi. Uamuzi mbaya si lazima uwe uamuzi wa kuagizwa. Hakimu huru hukosea, na hakimu aliyebanwa anaweza kutoa uamuzi sahihi. Unachotafuta ni alama za mkono wa nje, na alama hizo huonekana kwa mtu anayekaa kortini kesi nzima, siku hadi siku, si kwa anayefika siku ya hukumu.

Kila kikao andika: saa iliyopangwa na saa kilipoanza, jina la hakimu, waliosimama upande wa mashtaka na wa utetezi, sababu ya kuahirisha kwa maneno yaliyotamkwa, tarehe mpya. Jalada limehamishwa? Nani alihamisha, kwa barua ipi, kesi ikiwa imefikia wapi? Waandishi walizuiwa mlangoni? Na nani, wakati chumba kina viti vitupu vingapi? Askari wenye silaha walikuwa ndani au nje, wa kikosi gani? Masharti ya dhamana yalinganishwe na kesi tano au sita za kosa lilelile mbele ya hakimu yuleyule mwaka huo: ikiwa wengine hupewa dhamana isiyo ya pesa taslimu na mwandishi peke yake anadaiwa mamilioni, umepata jambo linalopimika. Hesabu pia siku za rumande. Ibara ya 23 inaweka siku 60 kwa kosa linaloweza kusikilizwa na mahakama za chini pia, na 180 kwa linalosikilizwa na Mahakama Kuu peke yake.

Kaa mahali pamoja kila kikao, zima simu, usizungumze na hakimu wala karani juu ya kesi, usitangaze maoni kesi ikiwa inaendelea. Mfuatiliaji anayehutubia redio jioni amejivua ushahidi wake mwenyewe. Omba nakala iliyothibitishwa ya kila uamuzi. Nyingi huonekana pia kwenye ULII, tovuti ya hukumu na sheria za Uganda. Sheria ya Kupata Habari ya 2005 inampa ofisa siku 21 kujibu ombi, ila haigusi kumbukumbu za kesi ambayo haijaisha, kwa hiyo usipoteze wiki tatu kuiomba kwa njia hiyo.

Juu ya majaji wenyewe, vipimo vya kimataifa ni Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa za 1985, Ibara ya 14 ya Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa, na Ibara ya 26 ya Mkataba wa Afrika. Ndani ya nchi ni Ibara ya 128, na ya 144 inayomwacha jaji wa Mahakama Kuu kazini hadi miaka 65 na wa Rufani na wa Juu hadi 70, huku kuondolewa kukihitaji pendekezo la jopo maalumu. Andika kama aliyesikiliza kesi ni jaji kamili au kaimu, na ukaimu wake unaisha lini. Jaji anayesubiri kuthibitishwa na mamlaka ambayo kesi iko juu yake ana mzigo ambao mwenzake hana.

Kesi ikiwa katika mahakama ya jeshi, ambatisha hati ya mashtaka nzima. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Kabaziguruka, iliamua kwamba kuwashtaki raia mbele ya mahakama za kijeshi ni kinyume cha Katiba. Mwaka huohuo Bunge likapitisha marekebisho ya sheria ya jeshi yaliyofungua tena njia hiyo. Taja tarehe ya kosa, tarehe ya kushtakiwa na kifungu, ili msomaji wa nje ajue kesi iko upande gani wa mpaka huo.

Wapi, lini

Haraka kuliko zote ni wataalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa: wa uhuru wa maoni na kujieleza (nafasi iliyoanzishwa 1993), wa uhuru wa majaji na mawakili (1994), na kundi la kazi kuhusu kuwekwa kizuizini kiholela (1991). Hawadai uwe umemaliza mahakama za nyumbani. Fomu iko mtandaoni, na tukio moja linaweza kupelekwa kwa wote watatu kwa pamoja, fanya hivyo. Mtu akiwa hajulikani alipo, tuma siku hiyohiyo ukiomba rufaa ya dharura, hata kama una mistari kumi tu. Zamani wengi walipitia ofisi ya Kampala. Ilifungwa Agosti 2023 baada ya serikali kukataa kuongeza muda wake, kwa hiyo sasa karatasi zinakwenda Geneva moja kwa moja.

Arusha ni miezi miwili tangu kitendo, au tangu ulipokijua. Usitegemee hoja kwamba ukiukaji "unaendelea": kitengo cha rufaa cha Mahakama ya Afrika Mashariki kiliikataa mwaka 2012 katika kesi ya shirika la IMLU dhidi ya Kenya. Faida yake ni kubwa, kwa kuwa huhitaji kumaliza kwanza korti za Kampala, na pana ofisi ndogo ya usajili Kampala. Msichanganye mahakama hiyo na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, nayo iko Arusha: Uganda imeridhia itifaki yake lakini haijatoa tamko la kuwaruhusu watu binafsi kuiendea.

Tume ya Afrika, Banjul, na Kamati ya Haki za Binadamu, Geneva, zinataka uwe umemaliza njia za nyumbani au uonyeshe kwamba zimecheleweshwa kupita kiasi. Uganda iliikubali Itifaki ya Hiari ya Kwanza ya Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa mwaka 1995, hivyo Kamati inapokea malalamiko ya mtu mmoja mmoja. Ukikawia zaidi ya miaka mitano baada ya kumaliza njia hizo unaweza kukataliwa. Kwa hiyo fungua kesi ya nyumbani mapema chini ya Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya 2019, hata usipokuwa na matumaini nayo. Tarehe za kuahirishwa kwake ndizo zitakazokuwa ushahidi wako wa ucheleweshaji.

Tathmini ya nchi ya UPR, inayofanywa na Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa, ambayo Uganda iliipitia 2011, 2016 na 2022, ina ukomo mkali: maneno 2,815 kwa shirika moja, 5,630 kwa ombi la pamoja. Kata simulizi, bakiza hesabu na pendekezo linaloweza kujibiwa ndiyo au hapana.

Vipimo vya mwaka vina tabia zake. CPJ, Kamati ya Kulinda Waandishi wa Habari, huhesabu waandishi walio jela siku moja tu, 1 Desemba. Uganda waandishi wengi hushikiliwa siku mbili tatu wakaachiwa, basi sensa hiyo inaweza kuonyesha namba ndogo mno katika mwaka mchungu. Watumie taarifa ya tukio mara moja, usingoje Desemba. RSF, Waandishi wa Habari Wasio na Mipaka, hupima nchi 180 kwa viashiria vitano: siasa, uchumi, sheria, jamii na usalama. Uganda ilikuwa ya 128 mwaka 2024, ya 143 mwaka 2025. Kabla ya kuandika "tumeshuka nafasi 15", tazama alama zenyewe na kiashiria kilichoporomoka, maana nafasi husogezwa na nchi nyingine pia. Freedom House, wanaozipa nchi alama za uhuru, wana swali la mahakama huru na la vyombo huru, kila moja pointi 0 hadi 4. World Justice Project, wanaopima utawala wa sheria, huyapata mambo haya kwa kuuliza raia na wanasheria, kwa hiyo wakili wa Gulu au Mbarara anayetumiwa dodoso lao alijaze. Asipolijaza, Uganda itapimwa kwa macho ya mawakili wa Kampala.

Intaneti ikizimwa, kama ilivyokuwa kuanzia 13 Januari 2021 mkesha wa uchaguzi, ushahidi ni vipimo. Weka OONI Probe, programu inayopima kama tovuti zimefungwa, kwenye simu wiki kadhaa kabla, upime siku za kawaida ili pawe na kulinganishia, na uendelee kupima tovuti zinapoanza kufungwa. Matokeo yasiyopakiwa hubaki kwenye simu. Yapakie mtandao ukirudi. Andika kampuni ya simu na mtaa, kwa sababu Arua na Entebbe huenda zisifungiwe sawasawa.

Ukishatuma, weka kwenye kalenda siku ya 60. Ndio muda ambao serikali hupewa kujibu barua ya madai ya wataalamu, tangu wao walipoituma, kisha barua na jibu hutangazwa kwenye hifadhi ya mawasiliano ya Ofisi ya Haki za Binadamu. Likifika jibu, liweke kando ya fomu yako mstari kwa mstari. Serikali ikisema mtu alikamatwa saa tisa alasiri na fomu yako ina saa nne na dakika kumi asubuhi, mashahidi wawili na picha yenye saa yake, andika barua ya pili ndani ya wiki hiyo. Mtu akiachiwa, kesi ikifutwa au simu ikirudishwa, wajulishe wote uliowatumia, ili wasije wakaendelea kumtaja kama mfungwa mtu aliye nyumbani kwake.